AJALI YA JIKONI INA KINGA
(Maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Mwaka huu sikushika kalamu ili kusimulia hadithi ya Sungura na Fisi, wala kutunga shairi la mahaba kama wanachama wenzangu walivyonizoea. Nataka kuzungumzia soseji. Naam, soseji! Najua wapo watakaocheka, na wale wa safu ya nyuma wameshaanza kumeza mate. Chekeni na mmeze, lakini tafadhali msigeuze ukurasa kabla sijamaliza.

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Mimi, kwa heshima na taadhima, nawapinga wahenga, angalau kwa mambo ya jikoni. Wahenga hao hao ndio waliosema tahadhari kabla ya hatari, na sijui ni kwa nini sisi huikumbuka methali ya kwanza tukiisha kuharibu mambo, ilhali hii ya pili hatuikumbuki kabla. Nimeuchagua upande wangu kwa sababu ninayo shahidi. Shahidi mwenyewe ana umri wa miaka michache tu, na ushahidi wake ameubeba mkononi.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2025, siku ya Jumamosi. Mama yangu huuza mitumba sokoni, na Jumamosi ndiyo siku yake ya mavuno, kwa hiyo alikuwa ametoka alfajiri na mapema. Niliachiwa nyumba pamoja na kitinda mimba wetu, msichana wa miaka 6 wakati huo. Siku mbili kabla ya hapo mama alikuwa ametuletea paketi ya soseji, na kwa kuwa sisi hatuna friji, paketi hiyo ililazwa kwa jirani mpaka ikaganda kama jiwe.

Basi mimi, mwanamume wa nyumba, nikaazimia kumpikia dada yangu kitu ambacho hajawahi kukila. Nilikuwa nimeona kwenye runinga jinsi Wamarekani wanavyokula hotdogi uwanjani: soseji imelazwa ndani ya mkate mrefu kama mtoto ndani ya mbeleko, na juu yake imechorwa mstari wa haradali. Haradali sikuwa nayo, lakini nilikuwa na sosi ya nyanya. Nikanunua mikate dukani, nikachukua paketi kwa jirani, nikawasha meko. Nikamimina mafuta ya kupima, yote, nikayaacha yachemke mpaka yakaanza kutoa moshi. Kisha nikazitwaa zile soseji, ngumu, zimevaa barafu, nikazitumbukiza zote kwa pamoja.

Mafuta yalilipuka kama fataki. Mimi niliruka nyuma. Dada yangu hakuruka, kwa sababu alikuwa kando yangu ameshika suruali yangu akiniuliza, "Kaka, zimeiva?" Mafuta yalimpata mkono wa kushoto, kuanzia karibu na kiwiko hadi kwenye kifundo.

Kelele zake ziliwaita majirani. Kila mmoja alikuja na dawa yake. Wa kwanza alisema, "Leteni dawa ya meno!" Wa pili akasema la, ni unga wa ngano. Wa tatu alikuwa na yai mkononi tayari. Mimi sikujua lipi ni lipi, nikakubali yote. Tulipofika zahanati mtoto alikuwa amepakwa dawa ya meno juu ya lengelenge, na unga juu ya dawa ya meno, utadhani ndiye aliyekuwa anataka kukaangwa. Muuguzi alitumia muda mrefu kuondoa uchafu tuliompaka, na kila alipougusa mkono mtoto alilia upya. Alituuliza ni nani aliyefanya hivyo. Sote tulitazama sakafu. Akasema, "Mngemtia tu kwenye maji ya mfereji dakika 20, basi."

Mama alifika huku akihema. Nilingoja makofi. Hakunipiga, wala hakunigombeza. Alimpakata mtoto, akanitazama kwa muda, halafu akaniuliza, "Na wewe, umekula?" Wenzangu, ningechagua viboko kumi badala ya swali lile.

Sasa nieleze kwa nini nasema ajali ile ilikuwa na kinga. Nilikuwa ninajua kila kitu kilichohitajika kuizuia. Katika Fizikia tumefundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Mafuta yanayotoa moshi yamepita nyuzijoto hizo kwa mbali. Barafu ikiingia humo huyeyuka na kugeuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,000. Mvuke huo hutafuta njia ya kutokea, na unapotoka huyarusha mafuta. Swali kama hilo ningeulizwa katika mtihani ningelijibu na kupata alama zote. Lakini elimu yangu ilikuwa imebaki daftarini. Nilipovuka mlango wa jikoni niliivua kama mtu avuavyo viatu msikitini.

Hili ndilo jambo linalonikera, na ndiyo sababu ya makala haya. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa ndio wapishi wa nyumba zetu. Wenzetu wa bweni wanapikiwa na wapishi wa shule. Sisi tunafika nyumbani jioni, wazazi bado wako kazini, wadogo zetu wana njaa, na chakula kinachoiva upesi kuliko vyote ni soseji au smoki. Hata hivyo hakuna mtu anayetufundisha namna ya kukipika. Tunadhaniwa tunajua. Nasi tunajidai tunajua.

Muhula uliopita, Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala kuhusu hoja kwamba wauzaji wa smoki wafukuzwe langoni mwa shule. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mimi nilisimama upande wa upinzani, na kwa kuwa kengele ililia kabla sijamaliza, wacha nimalizie hapa.

Nilisema, na ninarudia, kwamba kumfukuza mwenye toroli hakutatuponya. Akifukuzwa langoni atahamia kona ya pili, nasi tutamfuata huko huko. Zaidi ya hayo, hatari kubwa haiko kwake pekee. Iko katika meko zetu, katika visu vyetu na katika mikebe yetu ya chakula. Ninavyoona mimi, dawa ni kufundishwa. Walionipinga walitoa hoja nne, na ningependa kuzijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ilikuwa hii: "Smoki zimeshapikwa kiwandani, kwa hiyo hata ukila baridi, shida iko wapi?" Kweli, smoki huwa zimepikwa na kutiwa moshi kiwandani. Lakini soseji nyingi tunazouziwa madukani ni mbichi, na wengi wetu hatutofautishi. Tunaziona zote ni ndefu, zote ni nyekundunyekundu, basi tunazitendea sawa. Tusome paketi, jamani! Isitoshe, hata hiyo iliyopikwa kiwandani inaweza kupatwa na vijidudu baada ya kupikwa, wakati wa kufungwa.

Mfano mzuri, au niseme mbaya, ni wa Afrika Kusini. Kuanzia mwaka wa 2017 hadi 2018 nchi hiyo ilikumbwa na ugonjwa unaoletwa na bakteria iitwayo listeria. Zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafariki, na watoto wachanga walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Mnamo Machi 2018 serikali ilitangaza kwamba chanzo kilikuwa poloni, ndugu wa karibu wa soseji, chakula ambacho watu hukila moja kwa moja bila kukipasha moto. Kijidudu hiki kina ukaidi wa ajabu: baridi ya friji haikizuii kuzaana, na kugandishwa hakukiui. Kinachokishinda ni moto. Ndiyo maana huko Marekani, kwenye chimbuko la hotdogi za runinga, wataalamu wa afya huwaambia waja wazito na wazee wasile soseji hizo mpaka zimepashwa hadi zifuke mvuke, yaani zifike nyuzijoto 74. Kama aliyezizoea anaonywa hivyo, sisi ni akina nani tuzile baridi?

Na iwapo ni soseji mbichi, hatari ni kubwa zaidi. Kipande cha nyama kizima vijidudu vyake hukaa nje, na moto huviua upesi. Soseji ni nyama iliyosagwa. Kilichokuwa nje kimeingizwa ndani, kikachanganywa kote. Ukiichoma ikawa nyeusi nje lakini baridi katikati, umejipikia ugonjwa. Wala usidanganywe na rangi. Dawa zinazotiwa nyama hizi ili zisiharibike huzifanya zibaki na wekundu hata zikiiva, na moto mkali huzifanya zionekane zimeiva kabla hazijaiva. Pasua moja iliyo nene kuliko zote, utazame kama inafuka mvuke hadi katikati na maji yake hayana damu.

Hoja ya pili ilitolewa na mvulana mwenzangu, akapigiwa makofi mengi: "Kupika ni kazi ya wasichana." Nilipokuwa nikipika siku ile, moto haukuniuliza kama mimi ni mvulana au msichana. Wala mafuta hayakumwuliza dada yangu. Tumbo la mvulana likilia njaa saa kumi na mbili jioni halimngoji msichana afike. Wavulana wengi tunaingia jikoni kwa siri, kwa haraka, tukiogopa kuonekana, na mtu anayefanya jambo kwa siri hana wa kumwuliza. Afadhali tuingie kwa mlango wa mbele na tufundishwe.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba tuna KCSE mbele yetu na hatuna wakati wa kufundishana kukaanga. Kwa hakika mtihani ni muhimu. Lakini somo ninalolisema ni la dakika 40, nalo limejaa mambo tunayoyasoma tayari. Mvuke na joto ni Fizikia. Vijidudu ni Biolojia. Gesi ya kaboni monoksaidi ni Kemia. Tulifundishwa kwamba gesi hiyo haina rangi wala harufu, na kwamba hutokea makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha. Halafu msimu wa baridi ukifika tunachoma soseji kwenye jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, dirisha limefungwa na mlango umefungwa, kisha tunaliacha jiko liendelee kutupa joto tukiwa tumelala. Kuna watu waliolala hivyo hawakuamka. Swali hilo halimo katika karatasi ya mtihani, ila anayelikosea hapewi nafasi ya kurudia.

Hoja ya nne ndiyo ile ya wahenga, ajali haina kinga. Hiyo nimekwisha kuijibu kwa mkono wa dada yangu.

Baada ya kusema hayo, si haki niwaambie tu kwamba tunakosea bila ya kuwaambia lililo sawa. Baada ya ile Jumamosi niliuliza. Nilimwuliza muuguzi tuliporudi kubadilisha bendeji, nikamwuliza mwalimu wa Sayansi Kimu, nikasoma pia Funguo Tano za Chakula Salama za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka wa 2001. Funguo zenyewe ni rahisi: dumisha usafi, tenganisha vibichi na vilivyopikwa, pika hadi kuiva kabisa, weka chakula katika joto lifaalo, tumia maji na vyakula salama. Hebu nizifungulie jikoni kwetu.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuanza na baada ya kugusa soseji mbichi. Kisu na ubao uliokatia soseji mbichi usizikatie kachumbari mpaka umeviosha kwa sabuni. Kachumbari haipikwi, kwa hiyo chochote utakachoipaka utakila kizima. Nyanya, kitunguu na dania vioshwe kwa maji safi. Tusisahau kwamba kipindupindu kilizuka humu nchini mwaka wa 2022, nacho huenezwa na maji na chakula kichafu.

Pili, usikaange soseji iliyoganda. Iyeyushe kwanza ndani ya friji ya jirani, kule chini pasipogandisha, kama mipango yako inaanza jana yake. Kama huna muda, fanya kama nifanyavyo mimi siku hizi: ninaziweka kwenye sufuria yenye maji, ninazichemsha polepole mpaka zimeiva, ninazitoa, ninazipangusa zikauke, halafu ninazipitisha kwenye mafuta kidogo tu ili zipate rangi. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha, kwa maana soseji ina mafuta yake. Ukizikaanga tu, tumia moto wa wastani, uzigeuzegeuze kwa dakika 10 hadi 15. Haraka haraka haina baraka. Smoki nazo zitoswe kwenye maji yanayochemka mpaka zipate moto hadi ndani.

Tatu, mpini wa kikaango uelekee ukutani wala usitokeze nje, na mtoto mdogo akae mbali. Mchoree mstari sakafuni kwa chaki, mwambie huo ndio mpaka wa Kenya na nchi jirani, na pasipoti hana. Mimi nimeuchora, na unafanya kazi.

Nne, mafuta yakishika moto, usimwage maji hata kidogo, na usikimbie nje na kikaango. Zima gesi kama mkono unafika bila kuungua, funika kwa kifuniko au sufuria pana, uache mpaka kipoe. Moto ukikosa hewa hufa. Ukisikia harufu ya gesi kabla ya kuwasha, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje.

Tano, mtu akiungua, maji ya mfereji, baridi ya kawaida, dakika 20. Kama hakuna mfereji, mmiminie kwa kikombe kutoka kwenye ndoo. Mvue bangili au saa kabla mkono haujavimba. Usipake dawa ya meno, unga, yai, siagi wala asali. Usipasue lengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichoshika kidonda, mpeleke zahanati. Kama hamtakumbuka jambo lolote jingine katika makala haya, likumbukeni hili. Litolewe nje ya gazeti hili na kubandikwa ukutani.

Sita, kuna hatari ambayo sikuwa ninaijua kabisa. Soseji ni ya mviringo, laini, na upana wake unakaribia sana koo la mtoto mdogo. Mtoto akiimeza kipande cha duara, huziba kama kizibo cha chupa. Mwaka wa 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilizitaja soseji za hotdogi miongoni mwa vyakula vinavyowakaba watoto zaidi. Kwa watoto walio chini ya miaka minne, ipasue kwa urefu mara mbili ipate kuwa vipande vinne vyembamba, kisha uvikatekate. Kumbe "pasua" ya mwenye toroli ina busara ndani yake! Na mtoto ale akiwa ameketi, asile akikimbia.

Saba, na hili ni letu hasa sisi wa kutwa. Smoki iliyotiwa mkebeni saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa saba mchana imekaa muda wa saa saba nzima ndani ya mkoba wenye joto. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa hivyo kwa zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 vijidudu husherehekea. Tena usiseme nitaipasha tena jioni, kwa kuwa baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Ni mara ngapi tumesema "tumbo linanisumbua" tukapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na walimu wakadhani tunakimbia hesabu? Mara nyingine tulikuwa tunakimbia hesabu, sikatai. Lakini si mara zote. Kama ni lazima ubebe kitu cha mchana, beba mkate mkavu na ndizi, au chakula cha moto ndani ya thamosi ya chakula. Soseji iache nyumbani, iliwe ikitoka motoni.

Sasa nageukia wakubwa wangu. Walimu wetu, tunaomba somo moja tu kila muhula, Ijumaa jioni wakati wa vyama. Mwalimu wa Sayansi Kimu na mwalimu wa Kemia washirikiane, na wavulana na wasichana wahudhurie pamoja. Leteni kikaango, mtuonyeshe kwa macho jinsi moto wa mafuta unavyofunikwa. Ujumbe wa dakika 20 za maji uandikwe kwa rangi kubwa pale kwenye mifereji, mahali ambapo kila mwanafunzi hupita.

Mwenye toroli langoni naye asifukuzwe. Aitwe, aketi, apewe masharti. Smoki zake zikae zikifuka mvuke muda wote. Kachumbari yake ifunikwe. Mkono unaopokea pesa usiwe ndio unaoshika chakula. Akikataa, basi sisi wanunuzi tumnyime pesa zetu. Ninawahakikishia kwamba hakuna amri ya mwalimu mkuu itakayomwuma kama wanafunzi wote kupita wakimtazama tu.

Wazazi wetu, ninajua mnatoka alfajiri kwa ajili ya karo yetu. Sitawalaumu hata kwa neno moja. Ninawaomba tu Jumapili moja, dakika chache, mtuite jikoni, wavulana kwa wasichana, mtuambie: hivi ndivyo meko huwashwa, hivi ndivyo hufungwa. Msidhani tunajua kwa sababu tumerefuka.

Nanyi wanafunzi wenzangu, mtaniuliza kama sasa naogopa soseji. Hapana. Nazipenda kama zamani. Mwezi wa Desemba nilipika tena hotdogi, safari hii mama akiwapo, amekaa kwenye kigoda akijifanya anakunja nguo za kuuza huku jicho moja likiwa kwenye sufuria. Dada yangu alisimama nyuma ya mstari wake wa chaki. Nilichemsha, nikapangusa, nikapitisha kwenye mafuta, nikapasua moja kuitazama, nikamkatia yake vipande vyembamba ingawa alinung'unika kwamba yeye si mtoto mchanga. Alikula mbili. Alipokuwa akinyoosha mkono kuchukua ya tatu niliiona ile alama, imeng'aa, nyororo, rangi yake haifanani na ngozi nyingine. Muuguzi alisema itapungua kadiri anavyokua, ila haitaisha yote.

Yeye mwenyewe ameisahau. Huniita "mpishi" na kucheka. Mimi ndiye nisiyesahau, na sitaki mwenzangu hata mmoja wa shule hii awe na mdogo wake mwenye alama kama ile. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimekwisha kumpakata mimi kwa niaba yenu nyote. Nyinyi pikeni vyema, mle mshibe.

Naomba kuitua kalamu yangu hapa. Wassalamu.